Lile shimo la duara la reli halina dhahabu

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya hapa Tanga, eti mashimo ya duara ya stesheni za zamani Mjerumani alizikia dhahabu na mekyuri ndo maana akaweka chuma kizito juu. Jamani, ile ni meza ya kugeuzia kichwa cha treni. Reli yetu ilianza kujengwa 1893 ikafika Moshi 1911, na vichwa vya mvuke vilipangiwa kwenda bomba la moshi likiwa mbele, sasa kikifika mwisho wa njia unakigeuzaje? Kinapanda kwenye daraja fupi la chuma juu ya hilo shimo, kikikaa katikati sawasawa watu wachache tu wanakisukuma kinazunguka. Dizeli zilivyokuja mengi yakaachwa, majani yakaota, stori zikaanza.

Ukitaka kuhakiki chungulia tu: katikati kuna mhimili, pembeni reli ya duara, na njia zinaishia pale pale ukingoni. Kinachochanganya watu ni kwamba kweli 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zina tembo, tena kwenye karakana ya reli, ila ni Tabora huko! Ukichimba pale unang'oa mhimili, na chenye thamani ndo hichohicho. Meseji ikikufikia usiiforwadi, iishie kwako.