Radi haiwahiwi kwa kidole

Juzi tena. Niko harusini hapa Moshi, mzee mmoja kaiona picha kwenye simu yangu: "Mwanangu, una kidole chepesi kama cha mwizi. Radi hii uliiwahije?" Nikacheka kwa adabu. Wiki hiyohiyo kijana mwenye kamera mpya alikuwa ameweka shata (mlango wa kamera unaoingiza mwanga) 1/4000 ya sekunde "ili nisiikose", akarudi na picha za giza tupu.

Radi haiwahiwi, inategwa, kama panya. Usiku weka tripodi, fokasi kwa mkono kwenye taa ya mbali, ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), shata wazi sekunde 15 au 20, acha kamera ipige mfululizo. Hayo mengine yatakuja.

Kinachonichosha ni hiki: radi ikitoka nyeupe pee kama maziwa yaliyomwagika, mtu anakimbilia kupunguza muda wa shata. Kazi bure! Mmweko ni wa sehemu ndogo ya sekunde. Ukiacha wazi sekunde 5 au 25, ule mstari unapata mwanga uleule. Radi unaitawala kwa tundu la lenzi na ISO. Muda wa shata unatawala vilivyobaki: rangi ya anga, taa za malori, nyumba za watu.

Masika moja nilikuwa naelekea Dodoma kwa njia ya Babati. Pale Makuyuni wingu limesimama upande wa Ziwa Manyara, kichwa kimetandazika kama fuawe, refu kuliko Kilimanjaro mbili zilizopandiana. Kwa f/4 radi iliungua yote, nyeupe pee. Nikafunga hadi f/11, matawi yakajitokeza moja moja. Saa moja baadaye dhoruba imesogea mbali, pazia la mvua katikati, f/11 ikawa haioni kitu, nikarudi f/5.6. Ndiyo maana ukiniomba "setingi" kwa WhatsApp sijibu.

Usalama, haraka: hesabu toka mmweko hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Chini ya sekunde 30, ingia garini, funga vioo. Kinachokukinga ni bodi la chuma, siyo mpira wa matairi. Naomba hilo la matairi nisilisikie tena.

Mchana ndipo ujanja wangu unapoishia. Shata haikai wazi kwa jua lile, na filta nyeusi inayofifisha mawingu inaififisha na radi yenyewe. Isitoshe, mmweko mmoja mara nyingi ni mipigo mitatu minne inayofuatana kwenye njia ileile, inaweza kufika nusu sekunde yote ikijumlishwa. Ukishtuka mapema, mpigo wa pili au wa tatu unaudaka.

Ile picha aliyoisifu mzee niliipiga Minjingu, saa tisa alasiri, kamera mkononi. Niliona mmweko, nikabonyeza. Sikumwambia.