Je, wajua? Kwa nini Mmarekani Mweusi yumo hatarini zaidi kuuawa kwa risasi

Wamarekani Weusi ni takriban asilimia 14 ya watu wa Marekani, lakini katika miaka ya karibuni wamekuwa karibu nusu ya wote wanaouawa nchini humo. Kwa wanaume Weusi wa umri wa miaka 15 hadi 34, hakuna ugonjwa wala ajali inayowamaliza kuliko mauaji. Kwa nini?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: umaskini. Niliona ni jibu la haki, maana halimtwishi mtu lawama kwa rangi yake. Lakini halitoshi. Ingekuwa umaskini peke yake, basi Mzungu maskini na Mweusi maskini wangekuwa katika hatari ile ile, na sivyo ilivyo. Mwaka 1995 wanasosholojia Robert Sampson na William Julius Wilson walieleza kwa nini kuwalinganisha wawili hao kwa kipato tu ni kujidanganya: hawaishi mahali pamoja. Mzungu mwenye kipato kidogo mara nyingi amezungukwa na majirani wanaojiweza. Duka la pembeni liko wazi, jirani ana kazi na anajua nani anaajiri, na mtoto akikosea yupo mtu mzima wa kumkanya. Mweusi mwenye kipato kile kile amezungukwa na maskini wenzake, mtaa hadi mtaa. Kwa maelezo yao, hata mitaa mibaya kabisa waliyoishi Wazungu mijini ilikuwa na nafuu kuliko mtaa wa kawaida wa Weusi. Mimi nilikuwa napima mfuko wa mtu, kumbe cha kupimwa ni mtaa mzima.

Mitaa hiyo haikujipanga yenyewe. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyoitwa hatari kwa mikopo. Ya Weusi karibu yote ikawa nyekundu. Wanahistoria bado wanabishana kama ramani zenyewe ndizo zilizoleta madhara au ziliandika tu ubaguzi uliokuwapo tayari. Sheria ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi, lakini huko Philadelphia majeruhi wa risasi wameendelea kurundikana kwenye maeneo yaliyopakwa rangi ile.

Lakini hata ndani ya mtaa mmoja hatari haigawanyiki sawa, na hapa ndipo penye jambo la kushangaza kuliko yote. Fikiria surua. Haimpati kila mtu wa mji kwa bahati sawa. Inafuata njia ya waliokutana. Ukijua nani aliugua jana na alikaa na nani, unaweza kukisia nani ataugua wiki ijayo. Risasi nazo zinapita njia kama hiyo. Watafiti wa Chicago, akiwamo Andrew Papachristos, walichora mtandao wa watu 138,163 waliowahi kukamatwa pamoja kati ya 2006 na 2014. Waligundua kwamba asilimia 63 ya matukio ya kupigwa risasi ndani ya mtandao huo yanaelezeka kwa maambukizi: fulani anapigwa, na kwa wastani siku 125 baadaye anapigwa aliye karibu naye. Rafiki analipiza kisasi, au anabeba bastola kwa hofu, au anawindwa kwa sababu ya urafiki tu. Polisi wasipomkamata muuaji, na nchini Marekani karibu nusu ya mauaji hubaki hivyo, kisasi kinapata sababu zaidi. Ila mtandao huo umejengwa kwa kumbukumbu za polisi, hivyo unawaonyesha wale ambao polisi waliwakamata, si wote.

Ikiwa ni maambukizi, basi yanakatika. Majira ya joto ya mwaka 2012 Chicago iliwapa baadhi ya wanafunzi wa mitaa yenye vurugu kazi ya wiki nane, waliopata wakichaguliwa kwa bahati nasibu. Katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwao kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 43 kuliko kwa wenzao waliokosa. Makosa ya aina nyingine hayakupungua hivyo.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Philadelphia. Viwanja 541 vilivyotelekezwa, vile vyenye majani marefu ambamo bastola hufichwa, viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi viliondolewa takataka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupita. Vingine viliachwa vilivyo. Katika mitaa iliyo chini ya mstari wa umaskini, ukatili wa bunduki karibu na viwanja vilivyosafishwa ulipungua kwa asilimia 29. Nyasi hazirudishi mkopo ambao babu alinyimwa, na pengo la makazi liko palepale. Hilo linahitaji fedha na sheria. Lakini wakazi wa karibu na viwanja hivyo walisema hofu imepungua, na sasa wanatoka nje zaidi kukaa na kuzungumza, karibu na pale ambapo zamani walikuwa wakipita haraka.