Elimu kwa umma: Pikipiki kuchemka kwenye foleni

Katika ukaguzi wa barabarani jijini Dar es Salaam kuna utetezi tunaousikia sana siku hizi. Afisa usafirishaji, yaani dereva wa bodaboda, anasimamishwa ndani ya njia ya mwendokasi, iwe Kimara au Mbagala, na maelezo yake ni kwamba injini ilikuwa inachemka kwenye foleni, akaingia humo kutafuta upepo. Tunaamini wengi wao hawadanganyi, injini kweli ilikuwa ya moto. Lakini mara nyingi ilikuwa na tatizo kabla haijafika kwenye foleni, na tatizo hilo lingeonekana asubuhi kijiweni.

Pikipiki nyingi za biashara, zile za cc 100 hadi 150, hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya injini, yale mabamba membamba ya chuma yanayoizunguka. Bajaji nyingi zimewekewa feni ya kusukuma hewa hiyo kwa sababu injini yake imefichwa nyuma. Pikipiki haina feni. Ikisimama, upepo unakatika na oili ndiyo inayobaki na mzigo mkubwa wa kuondoa joto kwenye pistoni na bloku. Kwa hiyo ikiletwa pikipiki iliyonoki, yaani injini imekwama au inagonga kwa joto, tunaanza na oili, na mara nyingi hatuhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Injini hizi hubeba takriban lita moja tu. Ikipungua robo lita, umepoteza robo ya kinga yako, na taa ya kukuonya kwa kawaida hakuna. Pima ukiwa umeiweka juu ya stendi kubwa, mahali pa usawa, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Ukipima imeegemea stendi ya pembeni unajidanganya. Kuzidisha oili ili ipoe zaidi nako hakusaidii: oili iliyopita alama huchapwa na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), hupata joto na kutoa povu.

Tazama pia umeweka oili gani. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, tofauti na gari. Tafuta chupa yenye maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya aina hiyo, na unene uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, kwa mfano 20W-50. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kuongeza utelezi. Zikiingia kwenye pikipiki klachi inateleza, na klachi inayoteleza inatoa joto linalorudi kwenye oili hiyohiyo. Oili ya kupima, inayouzwa bila chupa wala lebo, hatuwezi kuizungumzia kwa sababu hakuna anayejua imetoka wapi. Mtu anayetegemea pikipiki kulisha familia asiitumie.

Kosa linalofuata liko mkononi. Kwenye foleni ya Ubungo au Buguruni utamwona dereva yuko gia ya pili, klachi ameishika nusu, anavuta mafuta kidogokidogo kufuata gari la mbele. Hapo sahani za klachi zinasuguana muda wote na injini inalemewa. Weka gia ya kwanza, subiri nafasi ifunguke, achia klachi yote, songa, kisha rudi nyutro. Foleni ikisimama kwa dakika nzima, zima. Hoja kwamba kuwasha upya kunakula mafuta mengi kuliko kuiacha inaunguruma haina ukweli, na tungependa iishe vijiweni.

Vilevile waambieni mafundi waache kubania mafuta kwenye kabureta ili pikipiki “inywe kidogo”. Hewa ikizidi na petroli ikipungua, injini inaunguza zaidi, na vali ya ekzosi ndiyo huathirika mapema. Tapeti, vifaa vinavyosukuma vali zifunguke, zikibana sana nazo huunguza vali. Tope kwenye mapezi lioshwe injini ikiwa ya baridi. Ngao na maturubai yanayoziba injini kwa mbele yaondolewe. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, huongeza mzigo kwa injini hiyohiyo ndogo, mbali na kuwa kosa.

Kuhusu sheria, joto la injini si ruhusa ya kuingia njia ya mwendokasi. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, lakini hiyo ni kwa kosa moja. Aliyekutwa kwenye njia ya mwendokasi, bila kofia ngumu, na abiria wawili, ana makosa matatu. Utapewa karatasi yenye namba ya malipo. Soma namba ya usajili na kosa lililoandikwa kabla hujaondoka. Lipa kwa simu, benki au wakala ndani ya siku 7, kwa sababu zikipita deni linaongezeka. Askari hapokei fedha mkononi. Usipokubaliana na kosa, una haki ya kwenda mahakamani.

Ukisikia injini inagonga, nguvu imeisha, au imekataa kuzima baada ya kuzungusha ufunguo, toka barabarani upande wa kushoto, shusha abiria, zima, uiache kivulini kwa angalau dakika 20. Usiimwagie maji. Tumelisema hili mara nyingi na bado tunaona watu na chupa mkononi: chuma cha moto kikipigwa maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka, na silinda hedi ikipinda gasketi itavuja. Ikipoa, pima oili kwanza, uongeze kama imepungua, ndipo uwashe. Ikiendelea kugonga, usiiendeshe, isukume hadi kwa fundi. Mwambie amwage oili kwenye chombo safi mbele yako na muangalie pamoja kama ina chembe za chuma, kabla hamjaanza kuzungumzia bei ya bloku na pistoni.