Je, wajua? Sungura wa kizamani wa kukumbatia ni mbuzi

Yale manyoya marefu yanayong'aa kwenye wanasesere wa kizamani, tedi na sungura, wale watu wanakusanya Ulaya na siku hizi hata hapa Nairobi tuko wachache tunawasaka kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi bale zikifunguliwa, yanatoka kwa mnyama gani? Mimi nilikuwa najibu haraka sana. Sungura. Na nilikuwa najibu kwa sauti, mbele za watu, kwa miaka.

Nilikuwa nimesikia kuna sungura anaitwa wa Angora, yuko kama pamba iliyopulizwa, halafu nikasikia moheya, hiyo manyoya ya tedi wa zamani, nayo inatoka kwa "Angora", basi nikaunganisha waya mwenyewe bila kuuliza fundi. Kumbe Angora wako wawili. Kuna sungura na kuna mbuzi, wote wamepewa jina la mji mmoja wa Uturuki, huu tunaouita Ankara leo. Sasa shika hapa, maana ndipo wengi wanapotelea: manyoya ya sungura wa Angora ndiyo huitwa angora, na manyoya ya mbuzi wa Angora huitwa moheya. Yaani mbuzi alikuwa na jina lake, sungura akaondoka nalo. Kwa mtu aliyekua akisikia hadithi za sungura huku kwetu hiyo si habari mpya.

Kwa hivyo dubu wa moheya ni mbuzi, simba wa moheya ni mbuzi, na sungura wa moheya, na masikio yake yote, pia ni mbuzi.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya la kwanza. Nilidhani ni ngozi yenye manyoya yake, kama ile ya kofia za baridi. Siku moja nikampelekea fundi wa nguo sungura aliyeachia mshono mgongoni, akafungua kidogo, akanionyesha upande wa ndani: pamba iliyofumwa, nyuzi zinahesabika kabisa. "Hii ni kitambaa bwana, hakuna ngozi hapa." Na ni kweli. Mbuzi wa Angora hunyolewa, kawaida mara mbili kwa mwaka, halafu anarudi malishoni akiwa hai. Manyoya yanasokotwa uzi, uzi unafumwa kama mahameli: vitambaa viwili vinafumwa pamoja vikiangaliana, uzi wa moheya ukipita huku na huku katikati yao, kisha kisu kinapita pale kati na kuvitenganisha. Ni kama sandwichi inayopasuliwa, kila kipande kinabaki na manyoya yake yamesimama wima.

Hata jina lenyewe linafuatiliwa hadi Kiarabu, mukhayyar, kitu kilichochaguliwa. Mzizi huohuo ndio ulitupa hiari.

Historia ya tedi nitaipitia mbio. 1902 huko Mississippi rais wa Marekani Theodore Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti, mchoraji Clifford Berryman akachora katuni, na Morris Michtom wa Brooklyn akauza dubu wa kitambaa kwa jina la utani la huyo rais, "Teddy". Wakati huohuo Ujerumani, Richard Steiff alikuwa anabuni dubu wake wa moheya kwenye kampuni ya shangazi yake Margarete. (Huyo Roosevelt mwenye huruma ndiye alishuka Mombasa 1909, na safari ilipoisha yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameangusha wanyama 512. Kwa hao hakuna aliyeshona tedi.)

Lakini kwa nini mbuzi? Kondoo wamejaa kila mahali.

Jibu liko kwenye magamba. Kila unyoya umefunikwa magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, yamelaliana kama mabati ya paa. Kwenye sufu ya kondoo kingo za hayo mabati zimeinuka, kama fundi alikimbia kabla ya kumaliza misumari, kwa hivyo nyuzi mbili zikisuguana zinanasana na haziachiani tena, ndio maana sweta ya sufu ukiiosha na maji moto inarudi saizi ya mdogo wako. Kwenye moheya mabati yamelala vizuri. Mwanga ukigonga unarudi kama kwenye bati jipya la jirani saa saba mchana, huo ndio mng'ao. Na nyuzi zinateleza, hazishikani, kwa hivyo mtoto anaweza kumlalia dubu miaka na manyoya yakichanwa yanasimama tena. Unyoya wa mbuzi mzima pia ni mnene, maikroni 30 na zaidi (maikroni ni milimita iliyogawanywa mara elfu), ukiukunja unarudi. Wa sungura wa Angora uko kama 12 hadi 16, laini sana na unapukutika, nadhani tedi wake angekuwa kipara kabla mtoto hajaanza shule.

Ila si kila tedi mzee ni moheya. Kuna wa rayoni, ile hariri bandia, kuna wa pamba, na baada ya Vita vya Pili nailoni na wenzake wakaingia kwa nguvu. Na wale wanaotengenezwa leo kwa mtindo wa kizamani, wengine ni moheya halisi iliyosuguliwa makusudi ionekane imechoka, wengine ni poliesta tu, bei ndiyo inajifanya ya 1910.

Na usidhani hiyo mbuzi iko mbali. Afrika Kusini ndiyo inaongoza duniani kwa moheya, Lesotho inafuata. Inasimuliwa kwamba 1838 Afrika Kusini ilipelekewa mabeberu 12 (mbuzi, si wale wa siasa) waliokuwa wamehasiwa ili mbegu isitoke Uturuki, pamoja na jike mmoja. Jike alikuwa na mimba. Akazaa dume.

Ukitaka kupima wako, vuta unyoya mmoja tu, mmoja, uchome kwa kiberiti mbali na dubu. Poliesta itayeyuka iwe kitone kigumu. Moheya itanuka nywele zilizoungua, na kama umewahi kupita mahali kichwa cha mbuzi kinababuliwa kwa ajili ya supu, hiyo harufu unaijua tayari.