Mipango ya serikali ya uzoefu wa kazi: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Kuna kijana anayeingia kwenye mpango wa uzoefu wa kazi akiamini ameshapata ajira, na kuna anayeukimbia akisema ni kufanyishwa kazi bure. Wote wawili hawajasoma karatasi. Mipango hii hufanana majina tu; masharti hutofautiana mno, na humo ndimo faida na hasara zilimojificha.

"Ukimaliza muda wako, lazima wakuajiri"

Hakuna ulazima huo. Mpango wa mafunzo kazini wa Waziri Mkuu wa India, ulioanza kwa majaribio mwaka 2024, uliwapa vijana wa miaka 21 hadi 24 nafasi ya miezi 12 katika kampuni kubwa pamoja na rupia 5,000 kwa mwezi. Ajira baada ya hapo haikuahidiwa. Kickstart, mpango wa Uingereza wa kuwapa vijana kazi za muda, nayo ilikuwa ya miezi 6, na mkataba ukiisha umeisha.

Wiki ya kwanza uliza mambo mawili: je, nafasi hii ina fungu la mshahara, na aliyekalia kiti hiki kabla yangu yuko wapi sasa? Jibu la swali la pili ni gumu kupambwa. Kama kila baada ya miezi kadhaa meza ile ile hupata mwanagenzi mpya, hicho ni kiti cha wanagenzi, si nafasi iliyo wazi. Unaweza kujifunza mengi hapo, ila usiache kutuma maombi kwingine.

"Ni kazi ya bure"

Inategemea mpango. Ule wa Uingereza ulioitwa Work Experience, wa mwaka 2011, ulikuwa wa wiki 2 hadi 8, saa 25 hadi 30 kwa wiki, bila mshahara. Kijana aliendelea kupokea posho yake ya kutafuta kazi. Kwenye Kickstart, iliyoanza 2020, serikali hiyo hiyo ililipa kima cha chini cha mshahara kwa saa 25 kwa wiki, na mwajiri akapewa pauni 1,500 kwa kila nafasi ili agharamie maandalizi na mafunzo. Katikati ya hiyo miwili kuna JobBridge ya Ireland (2011 hadi 2016), iliyoongeza euro 50 kwa wiki juu ya posho ya wasio na kazi.

Kwa hiyo tazama karatasi imeandika "mshahara" au "posho". Mshahara kwa kawaida huja na likizo, michango ya pensheni na sheria za kazi; posho mara nyingi haina hata kimoja. Pesa ikichelewa, sababu huwa ndogo na ya kuudhi: jina la kitambulisho halifanani na la akaunti ya benki, au fomu ya mahudhurio imekosa saini ya msimamizi kwa siku mbili alizokuwa safarini. Piga picha fomu hiyo kila Ijumaa.

"Ni hiari, naondoka nikitaka"

Hapa ndipo wengi huumia. Work Experience ilikuwa ya hiari kwenye maandishi, lakini aliyeondoka baada ya wiki ya kwanza bila sababu ya kuridhisha aliweza kukatwa posho. Februari 2012, baada ya kelele za umma na baadhi ya kampuni kujitoa, serikali ililegeza: adhabu ikabaki kwa utovu wa nidhamu mkubwa tu.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Cait Reilly, mhitimu wa jiolojia aliyekuwa akijitolea makumbusho. Mwaka 2011 aliambiwa hana budi kwenda kwenye mafunzo yaliyomfikisha duka la Poundland, ambako kwa wiki mbili alipanga bidhaa kwenye rafu na kufagia sakafu. Wengi hudhani mahakama ilisema amefanyishwa kazi ya kulazimishwa. Haikusema hivyo. Mahakama ya Juu, Oktoba 2013, ilikataa hoja hiyo, ila ikathibitisha kwamba kanuni za mpango zilikuwa batili kwa kutoueleza mpango ipasavyo, na kwamba wahusika hawakupewa taarifa za kutosha. Kufikia hapo Bunge lilikuwa limeshapitisha, Machi 2013, sheria ya kurudi nyuma, yaani inayogusa hata yaliyokwisha kutendeka, ili serikali isirudishe posho zilizokatwa. Ujanja wa aina yake, kwa kweli.

Kwa anayejiunga leo: omba kwa maandishi majibu ya mambo matatu, yaani kama ni hiari, siku za kutoa taarifa ukitaka kuondoka, na kinachotokea kwa posho yako. Neno la mdomo la ofisa halitakusaidia mbele ya rufaa.

"Muda mrefu ni bora, na uzoefu wowote ni uzoefu"

Mtu aliye kwenye mpango hutafuta kazi kidogo kuliko aliye nje, kwa sababu amechoka na ana pa kwenda asubuhi. David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber, waliopitia tafiti zaidi ya 200 katika uchambuzi uliochapishwa 2018, waliona kwamba mipango ya serikali ya kuwasaidia watu kupata kazi kwa wastani haina matokeo makubwa mwanzoni. Faida huonekana zaidi miaka miwili au mitatu baada ya kumaliza mpango. Ajira za muda katika sekta ya umma ndizo zilizofanya vibaya zaidi. Tenga basi nusu siku kila wiki ya kutuma maombi, na ukubaliane na msimamizi mapema.

Kuhusu aina ya uzoefu, linganisha mistari miwili ya wasifu. "Nilisaidia kazi za ofisi." Na: "Niliingiza ankara 300 kwenye programu ya hesabu na kulinganisha taarifa za benki kila mwisho wa mwezi." Ni dawati lile lile. Wa pili aliandika daftari kila jioni, mistari mitatu: kazi, idadi, chombo alichotumia. Baada ya miezi 6 hakuna anayekumbuka idadi.

Barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya nayo usiisubiri siku ya mwisho. Iombe mwezi mmoja kabla, umpe msimamizi rasimu yenye kazi na idadi hizo, kwani wasimamizi huhamishwa, na anayebaki hakujui.