Balbu ikiungua, iangalie kwanza kabla ya kuitupa

Balbu ikikata, lawama huenda kwa muuza duka: "balbu za siku hizi feki." Feki zipo, tena nyingi. Lakini holda ileile ikila balbu tatu ndani ya mwezi huku za vyumba vingine zinadunda, hapo duka halihusiki. Mwite fundi aifungue hiyo holda. Mara nyingi atakuta skrubu ya waya imelegea na plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia kwa joto la cheche.

Balbu za waya, zile zenye kiwaya chembamba kinachowaka ndani, ambazo wafugaji bado wanazinunua kwa ajili ya vifaranga, ndizo rahisi kuzisoma. Kioo kikiwa cheusi kwa ndani, imekufa kwa uzee. Waya wa tangsteni ukiwaka hufikia nyuzi joto 2,500 hivi, na taratibu hugeuka mvuke unaoganda kwenye kioo, mpaka sehemu moja inakonda na kukatika. Nyingi hukata pale tu unapobonyeza swichi, kwa sababu waya ukiwa baridi huvuta mkondo unaoweza kuzidi mara kumi ule wa kawaida, kwa kitambo kifupi sana. Ukiona ungaunga mweupe ndani, hewa imepenya. Kama uliinunua jana, irudishe.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ukizidi muda wote kwa asilimia 5 tu, umri wa balbu ya waya hupungua karibu nusu. Hilo ni hasara ya mfukoni. La kuogopa ni nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, iliyokatika au kulegea huko mtaani. Kwenye nguzo kuna fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Nyumba yako imechukua moja, ya jirani nyingine, na wote mnategemea nyutro moja. Ikiachia, nyumba zenu zinajikuta zimeungwa kwa mfululizo (umeme unapita moja kisha nyingine) kati ya fezi mbili, kwenye volti 400. Aliyewasha pasi na jiko anabaki na umeme hafifu, na aliyewasha taa mbili na tivii anapokea karibu zote. Kwa hiyo taa zako ziking'aa kupita kawaida ghafla huku za jirani zimefifia, usisubiri kuona zitafikia wapi. Zima meinswichi, mwambie na jirani azime, kisha pigeni simu shirika la umeme.

Kupasuka kioo mara nyingi husababishwa na maji. Balbu ya wati 100 ikiwaka, tone moja kutoka kwenye bati linalovuja linatosha kuipasua. Mabanda ya vifaranga ndiyo yananipa wasiwasi: balbu imening'inizwa chini, chombo cha maji kipo pembeni, na sakafu yote ni maranda makavu. Ipandishe juu, izungushie wavu, na ifunge kwa mnyororo au waya imara, isining'inie kwa waya wake wa umeme. Sababu nyingine ni cheche kali inayoruka ndani waya unapokatika. Balbu nzuri ina fyuzi ndogo ya kuizima cheche hiyo. Za bei chee wakati mwingine hawaiweki.

LED huuawa na joto. Kinachokufa mara nyingi si vile vitaa vyenyewe, bali saketi iliyo kwenye kitako, kwa hiyo ukiifungia ndani ya kava lisilopitisha hewa umeifupishia maisha.

Balbu ikivunjikia kwenye holda, zima meinswichi, maana swichi ya ukutani inaweza kuwa imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Toa kitako kwa plaizi. Kama ni enajisava, ina zebaki kidogo: fungua madirisha, toka chumbani dakika kumi na tano, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu na umalizie unga kwa selotepu. Usifagie, unga utaruka.