Fiziotherapia ya mtoto mwenye kigutu ni nini?

Wazazi wengi wakisikia fiziotherapia hufikiria kuchuliwa: mtoto analazwa, anapakwa mafuta, anakandwa, anarudi nyumbani. Kuchua kumo, ila ni sehemu ndogo tu. Kwa mtoto aliyekatwa mguu au mkono kwa sababu ya ajali ya bodaboda, moto au ugonjwa wa mfupa, na kwa aliyezaliwa hivyo, fiziotherapia ni kuuzoeza mwili kufanya kazi jinsi ulivyo na kukilinda kilichobaki kisiharibike.

Kilichobaki ndicho kinachoitwa kigutu, na kigutu kisiposhughulikiwa hukaza. Mtoto aliyekatwa chini ya goti hupenda kukaa amelikunja, na mama kwa huruma humwekea mto chini ya goti asiumie. Mto huo ndio unaomponza. Misuli ya nyuma hufupika, goti hukataa kunyooka, na siku ya kuvaa mguu bandia haumkai. Ndiyo maana mtaalamu husisitiza alale kifudifudi kila siku, anyooshe goti, na kigutu kifungwe bandeji ya mpira inayobana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda, ili uvimbe upungue. Kigutu hupapaswa pia kwa kitambaa laini, baadaye kwa kinachokwaruza kidogo, mpaka ngozi izoee kuguswa. Mtoto akilalamika kwamba kidole kisichokuwepo kinamwasha, msimkemee. Hadanganyi, ubongo wake bado unaukumbuka mguu.

Halafu mtoto anakua. Mguu bandia unaomtosha leo, baada ya mwaka hivi utakuwa mfupi au utambana. Hata mfupa uliokatwa katikati huweza kuendelea kurefuka na kuisukuma ngozi ya nchani, na wapo wanaolazimika kupasuliwa tena. Kwa hiyo tiba hii haiishi siku ya kukabidhiwa kiungo bandia.

Aliyezaliwa bila mguu hupewa wa bandia anapoanza kujishika na kusimama, kwenye miezi 9 hadi 12. Mkono ni habari nyingine: watoto wengi huuvua na kuuweka kando, kwa kuwa kigutu kinahisi na plastiki haihisi. Mimi siuiti huo ukaidi.

Zoezi lenyewe, kwa mtoto, ni mchezo. Kudaka mpira akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kujifunza kuanguka na kuinuka, kupanda kilima, na hatimaye kucheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake. Hapo usawa wa mwili na nguvu ya nyonga hujengeka bila yeye kujua.

Hapa Uganda huduma hizi zipo katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe, na kituo cha Katalemwa jijini Kampala. Katika hospitali ya Mulago nako kuna karakana ya viungo bandia. Lakini familia inayotoka mbali, Nakivale au Bwera huko magharibi, haiwezi kulipa nauli hiyo kila wiki, kwa hiyo kazi kubwa hufanyika mkekani nyumbani. Maelezo yakitolewa kwa Kiingereza au Kiganda na hukuyashika, omba yarudiwe kwa Kiswahili, bila haya. Na kabla hujaondoka, lifanye zoezi hilo kwa mikono yako mbele ya mtaalamu akurekebishe, maana kesho asubuhi utakuwa peke yako na mwanao.